Euro Aliyekwama Kivukoni

"Mjomba, pesa ya kwenye simu inakaa wapi?"

Watoto huniuliza hivyo, nami hulipenda swali hilo kila ninapolisikia. Wakubwa wengi hawalijui jibu lake wala hawalitafuti. Wanatuma, wanapokea, wanaondoka zao. Wewe umesimama ukauliza. Hongera sana, mwanangu. Sogea karibu.

Simu haina droo ya noti. Mama akikutumia shilingi elfu kumi, hakuna noti inayoruka angani kutoka kwake mpaka kwako. Noti zenyewe ziko benki. M-Pesa ilipoanza Kenya mwaka 2007, fedha za wateja ziliwekwa benki kwenye akaunti ya amana, kando na fedha za kampuni yenyewe. Simu inakuonyesha hesabu tu. Ya mama imepungua, yako imeongezeka. Na kati yenu yuko mmoja anayeandika: huyu mpunguzie, huyu mwongezee.

"Na huyo anayeandika akigoma kuandika?"

Haya! Hilo ndilo swali nililokuwa nalisubiri. Kaeni mkao wa kula, maana jibu lake ni hadithi, na hadithi yenyewe ni ya kweli. Ilitokea Ujerumani, ikafika mpaka Iceland, kisiwa cha baridi kilicho mbali kaskazini. Majina ni ya kweli. Miaka ni ya kweli. Nimemwongeza mmoja tu, naye ni Euro. Pesa hazisemi, lakini leo nimempa Euro mdomo ili atusimulie safari yake.

Msikilizeni.

"Mimi ni Euro. Sina mwili. Nikidondoka silii, maana siwezi hata kudondoka. Mimi ni tarakimu ndani ya kompyuta ya benki. Siku moja ya mwaka 2010, mwenye mali yake aliniambia: Euro, nenda kwa Wakfu wa Wau Holland. Nikasema: haya, naenda."

"Mjomba, wakfu ni nini?"

Wakfu ni mali iliyotengwa kwa ajili ya jambo jema. Mtu hawezi kuirudisha mfukoni kwake tena. Pwani mmeona misikiti na visima vya wakfu. Ujerumani nako wanazo taasisi za namna hiyo. Zinaandikishwa, zinatoa hesabu, na serikali inazikagua.

"Na Wau Holland ni nani?"

Ah, huyu mngempenda. Jina lake la kwenye vyeti lilikuwa Herwart Holland-Moritz, lakini watu walimwita Wau. Alizaliwa mwaka 1951. Alikuwa mtu wa kuuliza maswali, kama ninyi. Mwaka 1981 yeye na wenzake walianzisha klabu ya wapenda kompyuta mjini Berlin, wakaiita Chaos Computer Club. Siku zile kompyuta zilikuwa za mabenki, za serikali na za vyuo vikuu. Wau aliuliza: kwa nini mashine inayotunza habari zangu isieleweke na mimi?

Nitawapa kisa chake kimoja tu, maana kinahusu pesa. Posta ya Ujerumani ilikuwa na huduma ya kusoma kurasa kwenye televisheni kwa kupitia waya wa simu. Kurasa nyingine zilikuwa za kulipia. Wau na mwenzake wakasema: huduma hii ina matundu, mwizi anaweza kupita. Posta ikasema: ni salama. Basi usiku mmoja wa Novemba 1984 wakatumia neno la siri la benki moja ya Hamburg, wakaifanya benki ifungue ukurasa wa klabu yao. Kila ukifunguliwa, marki 9.97 za Ujerumani. Ukafunguliwa tena. Na tena. Na tena. Usiku kucha.

Kulipopambazuka benki ilikuwa inadaiwa zaidi ya marki 134,000!

"Wakazila?"

Hawakuzila. Waliita waandishi wa habari, wakaeleza walivyofanya, wakazirudisha zote. Walitaka tundu lionekane ili lizibwe. Sikuambii ukaguse akaunti za watu, mwanangu, hata kidogo. Nakuambia ujue ni mtu wa namna gani aliyeacha jina lake juu ya wakfu ule. Wau alifariki mwaka 2001 akiwa na miaka 49. Mwaka 2003 ndugu na marafiki zake wakauanzisha wakfu huo ili kuendeleza kazi aliyoipenda: watu wapate habari, na habari ziwe huru.

Turudi kwa Euro.

"Nilipouliza naenda kufanya nini kwa wakfu," anasema Euro, "niliambiwa nitaisaidia WikiLeaks."

Tangu mwaka 2009 wakfu ulikuwa unaipokelea WikiLeaks michango. WikiLeaks ilikuwa inachapisha nyaraka ambazo wakubwa wamezificha. Hata sisi wa huku tuliifahamu mapema. Tume ya haki za binadamu ya Kenya iliandika ripoti juu ya vijana waliouawa na kupotea mikononi mwa polisi. WikiLeaks ikaieneza duniani, na mwaka 2009 ikapewa tuzo na Amnesty International ya Uingereza kwa kazi hiyo. Kwa hiyo wapo waliochangia kwa moyo mweupe kabisa.

Halafu ikafika tarehe 28 Novemba 2010. Siku hiyo WikiLeaks, pamoja na magazeti makubwa kama The Guardian la Uingereza na Der Spiegel la Ujerumani, ilianza kutoa barua ambazo mabalozi wa Marekani walikuwa wakiandikiana na serikali yao. Zilikuwa zaidi ya 250,000. Serikali ya Marekani ilikasirika sana. Ilisema barua hizo zimepatikana kwa kuvunja sheria, na kwamba watu waliozungumza na mabalozi kwa siri wanaweza kudhurika. Wengine wakajibu kwamba wananchi wana haki ya kujua yanayofanywa kwa jina lao. Wakubwa wanabishana mpaka leo. Mtakapokua mtaingia kwenye ubishi huo kwa akili zenu wenyewe, sitawachagulia upande. Sisi leo tunamfuata Euro.

Euro yuko ng'ambo hii. Wakfu uko ng'ambo ile. Katikati kuna maji mapana, na Euro hajui kuogelea. Anahitaji mtumbwi.

"Kwa hiyo kuna mvushaji?"

Yuko. Jina lake PayPal. Ni kampuni ya Marekani inayopitisha malipo kwenye intaneti, na kwa upande wa Ulaya ilikuwa na leseni ya benki kutoka Luxembourg. Mtu anaingia mtumbwini ng'ambo hii, mvushaji anapiga kasia, mtu anashuka ng'ambo ile. Mvushaji anakata nauli kidogo. Ndiyo kazi yake. Mwaka 2010 wakfu ulipokea zaidi ya euro milioni 1.3 kwa ajili ya WikiLeaks, na karibu nusu yake ilivuka kwa mtumbwi huo.

Mtumbwi ulikwenda, mtumbwi ulirudi. Mtumbwi ulikwenda, mtumbwi ulirudi.

"Nami nikapanda," anasema Euro.

Tarehe 3 Desemba 2010, PayPal ikatangaza kwamba imeifunga akaunti ya wakfu, na imeifunga kabisa. Ilisema akaunti imevunja masharti yake, kwa sababu haitakiwi kutumiwa kwa shughuli inayohimiza au kuwasaidia watu kuvunja sheria.

Mtumbwi haukurudi.

"Nilikuwa nimeshapanda!" analia Euro. "Nimetoka kwa mwenye mali yangu. Kwa wakfu sijafika. Niko juu ya maji, na mvushaji ameweka kasia chini."

Hapo ndipo nataka tukae kidogo, maana watu wengi hupita haraka.

"Mjomba, mvushaji anaruhusiwa kukataa abiria?"

Anaruhusiwa, ndiyo. Na nitamtetea kwanza kabla sijamlaumu, maana ni haki yake kusikilizwa. Wako wezi wanaojifanya wana mfuko wa hisani. Mafuriko yakitokea leo, kesho wanatokeza na picha za watoto wanaolia, wanakusanya fedha, wanatoweka. Ziko fedha za uhalifu zinazotafuta njia ya kuonekana safi, na sheria inamtaka mvushaji azikamate. Tena yako mambo ya marejesho. Mtu ametoa mchango kwa kadi, wiki mbili baadaye anasema: sikutoa mimi, nirudishiwe. Mfuko umeshazitumia. Nani atarudisha? Mara nyingi mvushaji anatoa mfukoni mwake, kisha anahangaika kuufuata mfuko umlipe. Ndiyo maana akiona michango inafurika ghafla kwenye akaunti ndogo, moyo unamdunda. Anaizuia kwanza, anauliza baadaye. Namwelewa. Mvushaji asiye na masharti atavusha wezi, na siku moja ataizamisha mali ya kila mtu.

Sasa nimlaumu.

Wakfu huu haukuwa umeibuka jana. Ulikuwa umeandikishwa, unajulikana ulipo, una watu wanaojibu barua. Hakuna mahakama iliyokuwa imeuhukumu kwa kosa lolote. Mvushaji alikuwa ameuvusha kwa zaidi ya mwaka, na nauli alikuwa akikata. Ghafla akasema mbele ya dunia nzima kwamba mzigo wake una harufu ya uvunjaji wa sheria.

Hebu fikirini. Mfuko wa hisani unaishi kwa jina lake. Duka likisemwa vibaya bado lina sukari na unga wa kuuza. Mfuko hauna unga. Una jina tu. Mtu aliyekuwa anataka kuchangia anasikia "sheria imevunjwa", anarudisha pochi mfukoni, na hatafuti kujua mwisho wa kesi. Kwa hiyo kuifunga akaunti ya mfuko wa hisani hakuishii kwenye akaunti. Kunaingia mpaka kwenye jina. Ndiyo maana nasema mwenye kufunga anapaswa kuwa na ushahidi mkononi kabla ya kufungua mdomo.

"Na PayPal ilikuwa na ushahidi gani?"

Swali zuri! Safi kabisa. Waandishi wa habari waliuliza hilohilo. Siku chache baadaye kulikuwa na mkutano mjini Paris, na mmoja wa makamu wa rais wa PayPal, Osama Bedier, akaulizwa jukwaani. Akaitaja barua ya Wizara ya Mambo ya Nje ya Marekani iliyosema shughuli zile ni kinyume cha sheria. Watu wakashtuka. Kumbe serikali imemwandikia mvushaji? Baadaye ikafafanuliwa: barua ile haikuandikwa kwa PayPal. Iliandikwa kwa WikiLeaks.

Mmesikia vizuri? Barua ya mtu mwingine. Na barua ya wizara, hata iwe ya wizara kubwa namna gani, si hukumu ya jaji. Serikali inaweza kulalamika. Jaji ndiye anayesikiliza pande mbili na kuamua. Hapa upande mmoja ulilalamika, mvushaji akafanya kana kwamba jaji ameshasema. Mimi naona hilo lilikuwa kosa kubwa.

"Na mimi je?" anauliza Euro. "Mmenisahau mtumbwini?"

Hatujakusahau. Kuna kumkataa abiria ufukweni, na kuna kukaa na mali ya abiria mkononi. Hayo ni mambo mawili. Mvushaji akisema "kuanzia leo sikuvushi," hilo ni la mkataba wake. Lakini mzigo uliokwisha kupakiwa si wake. Wakfu ukaudai mzigo wake kwa njia ya wanasheria. Tarehe 8 Desemba PayPal ikasema itaziachia fedha zote zilizobaki, zipewe wakfu, ila akaunti itabaki imefungwa.

"Nikafika," anasema Euro. "Nimechelewa, nimelowa, lakini nimefika. Nikageuka kutazama nyuma. Wenzangu walikuwa bado ng'ambo ya pili, wanapunga mikono."

Mtumbwi haukurudi.

"Mjomba, si wangepanda mtumbwi mwingine?"

Ndivyo wengi walivyodhani. Lakini wiki ileile MasterCard nayo ikaacha kuvusha michango ya WikiLeaks. Visa nayo ikaacha. Kabla mwezi haujaisha Bank of America nayo ikaacha. Kila mmoja alimtazama mwenzake akaweka kasia chini. Hapo mjue jambo moja kuhusu malipo ya dunia hii: watu ni wengi mno, wavushaji ni wachache mno. Wachache hao wakigoma pamoja, maji yaleyale ya jana yanakuwa bahari.

Wakati huohuo kikatokea kikundi cha watu wasiojulikana kwa nyuso, wakijiita Anonymous. Walikasirika. Wakazishambulia tovuti za PayPal, Visa na MasterCard kwa kuzifurikisha maombi mengi kwa pamoja mpaka zikazidiwa. Mwaka uliofuata, Julai 2011, watu 14 walishtakiwa Marekani kwa kuishambulia PayPal. Wengi wao walikuwa vijana.

"Walifanya vizuri?"

Hapana, mwanangu. Nawaonea huruma, lakini hapana. Kuutoboa mtumbwi hakumvushi mtu. Na ndani ya mitumbwi ile mlikuwa na abiria wengine wasiohusika: mwenye duka dogo, mwanafunzi anayelipa ada, mfuko mwingine wa hisani. Palikuwa na njia nyingine, ndefu, ya kuchosha. Njia yenyewe ilipita Iceland.

Iceland kulikuwa na kampuni iitwayo DataCell. Yenyewe iliisaidia WikiLeaks kupokea michango ya kadi. Ili kadi zipite, DataCell ilifunga mkataba na kampuni nyingine ya hukohuko iitwayo Valitor. Valitor nayo ndiyo iliyoshikana na Visa na MasterCard. Mnaona? Euro hakuvushwa na mtu mmoja. Alipokewa na huyu, akapewa yule, akapewa yule. Kila mmoja na kasia lake, kila mmoja na nauli yake. Desemba ile ya 2010 michango iliyopitia DataCell nayo ilikuwa imefungiwa njia. Julai 2011, kwa kupitia Valitor, njia ikafunguka kwa muda mfupi sana. Valitor ikaona kinachopita ni michango ya WikiLeaks, ikaifunga tena.

DataCell haikutukana wala haikutoboa mtumbwi. Ilichukua mkataba wake ikaenda nao mahakamani.

"Mkataba unaweza kusema?"

Unasema sana, kama yupo wa kuusoma. Valitor ilisema: hatukuambiwa kwamba mtapokea michango ya watu wengine. DataCell ikasema: mkataba hauturuhusu kufungiwa namna hii. Majaji wakausoma.

Ilichukua muda. Na wakati majaji wanasoma, njaa haikungoja. Oktoba 2011 WikiLeaks ilisema imepoteza asilimia 95 ya mapato yake kwa sababu ya kufungiwa, na kwa muda ikasimamisha uchapishaji wake. Hili mliweke akilini. Anayefungiwa akaunti anaumia leo. Anayefunga anaweza kusubiri hukumu hata miaka mitano bila kukosa chakula cha mchana. Uzito wao haulingani, hata kama karatasi ya mkataba ina sahihi mbili zinazofanana ukubwa.

Julai 2012 mahakama ya Reykjavik, mji mkuu wa Iceland, ikasema: Valitor haikuwa na haki ya kufunga. Valitor ikakata rufaa. Aprili 2013 Mahakama ya Juu ya Iceland ikasema vilevile. Ikaipa Valitor siku 15 kufungua njia. Na ikiendelea kufunga? Ilipe kronur 800,000 za Iceland kwa kila siku inayopita.

"Kila siku?"

Kila siku! Jumatatu laki nane. Jumanne laki nane. Siku ya mapumziko, laki nane. Basi akaunti ikafunguliwa.

"Mtumbwi ukarudi?" anauliza Euro.

Mtumbwi ukarudi.

Ila tusidanganyane. Kati ya Desemba 2010 na Aprili 2013 ni zaidi ya miaka miwili. Michango ambayo ingekuja miaka hiyo haikuja. Hakuna jaji anayeweza kumrudisha mtu kwenye siku aliyotaka kutoa, moyo wake ukiwa bado una moto. Kesi ya fidia ikaendelea peke yake, na mwaka 2019 mahakama ya Reykjavik ikaiamuru Valitor ilipe takriban kronur bilioni 1.2. Sehemu kubwa ilikuwa ya kampuni iliyokuwa ikiisimamia WikiLeaks huko Iceland, na sehemu ndogo ya DataCell. Mtoto aliyezaliwa siku akaunti inafungwa alikuwa darasa la pili au la tatu siku hukumu hiyo inasomwa.

"Miaka yote hiyo wakfu ulikula nini?"

Hodari! Hujasahau wakfu. Wakfu uliendelea kupokea michango iliyotumwa moja kwa moja kutoka benki hadi benki. Njia hiyo ni ya polepole, na kwa mtu aliye nchi ya mbali ina gharama na usumbufu, lakini haikufungwa. Wengine walitafuta vivuko vipya. Mwaka 2011 WikiLeaks ilianza kupokea bitcoin, sarafu ya kompyuta isiyopitia kwa PayPal wala Visa. Mwaka 2012 mfuko mmoja wa Ufaransa ukapokea michango kwa niaba yake kwa kadi za Kifaransa. Na Desemba 2012 kukaanzishwa Marekani taasisi iitwayo Freedom of the Press Foundation. Kazi yake ya kwanza ilikuwa kupokea michango kwa ajili ya waandishi wanaofichua mambo, WikiLeaks wakiwemo, ili mmoja akifungiwa mlango wasife wote.

Mimi nikimpima mvushaji wetu, namhukumu hivi. Kuwa na masharti, ni haki yake. Kuzuia fedha anapoona dalili za wizi, ni wajibu wake. Kufunga akaunti ya mfuko unaojulikana kwa barua isiyoandikwa kwake, bila kuusikiliza kwanza, huo ni uonevu. Na Mahakama ya Iceland, ingawa iliihukumu kampuni nyingine kabisa, ilionyesha kwamba mvushaji naye ana mtu wa kumjibu.

Euro ana swali la mwisho. Mwacheni aulize.

"Kwa nini mliwahadithia watoto habari yangu? Mimi ni wa Ujerumani, wao ni wa huku."

Kwa sababu wao pia wanachangisha, Euro. Mwenzao akiugua wanachangisha. Darasa likiezuliwa na upepo wanachangisha. Siku hizi hakuna anayepita na kikapu. Kuna namba kwenye ukuta wa shule, na kila mtu anatuma.

Kwa hiyo, wanangu, safari ijayo shule yenu ikitundika namba ya michango, nendeni kwa mwalimu kwa heshima mkamwulize: namba hii imeandikishwa kwa jina la nani? Kampuni inajua kwamba ni ya michango? Mkataba unasema nini kama ikifungwa, na fedha zilizomo zitarudi kwa nani, baada ya siku ngapi? Akikosa jibu, mwombeni aulize kampuni kwa maandishi, kabla shilingi ya kwanza haijatumwa. Jibu likija, litunzeni kwenye faili la shule pamoja na orodha ya waliochangia.